Faili Safi, Basi Hakuna: Kazi ya Timu ya Ubora wa Data Kwenye Programu ya Usafiri wa Mjini

Kampuni ya programu ya usafiri wa mjini haina basi hata moja, haina dereva wala kituo. Inachouza ni jibu la swali moja: gari langu linafika saa ngapi, na nikalipandie wapi? Jibu likikosea mara mbili tatu, abiria anaifuta programu na kurudi kuuliza watu kituoni. Kwa hiyo kampuni hizi huwa na timu ya ubora wa data, na anayeiongoza hubeba lawama za mambo ambayo kwa sehemu kubwa hakuyasababisha: ratiba imetoka kwa mamlaka ya usafiri, mahali pa gari pametoka kwenye kifaa kilichofungwa ndani ya basi, ramani imetoka kwingine kabisa.

Wengi hudhani kazi ya timu hiyo ni kukagua mafaili. Ukaguzi upo, ila ndio sehemu rahisi. Faili linaweza kupita kila kipimo na bado abiria akasimama dakika arobaini akisubiri gari ambalo halikutoka hata gereji. Kazi yenyewe ni kuziba pengo kati ya kilichoandikwa na kinachopita barabarani, na kuamua kila siku pengo lipi litangulie na lizibiwe wapi.

Mstari mmoja wa ratiba

Ratiba nyingi za usafiri duniani husambazwa kwa muundo uitwao GTFS (General Transit Feed Specification). Ulianza mwaka 2005 huko Portland, Oregon, kwa ushirikiano wa Google na TriMet, mamlaka ya usafiri ya eneo hilo. G ya mwanzo ilimaanisha Google. Baadaye ikapewa maana ya jumla ili wengine wasisite kuutumia. Ndani yake ni mafaili ya maandishi ya kawaida yaliyofungwa pamoja: la vituo, la ruti, la safari, la kalenda, la mchoro wa njia, na stop_times.txt, ambalo kwa kawaida ndilo kubwa kuliko yote, linaloeleza kila safari inafika kila kituo saa ngapi. Uingereza ina muundo wake wa mabasi, TransXChange, na nchi nyingi za Ulaya zina NeTEx, lakini matatizo yanafanana.

Chukua mstari mmoja wa stop_times.txt:

T1042,25:10:00,25:10:00,KIM07,18

Safari T1042 inafika na kuondoka kituo KIM07 saa 25:10, na hicho ni kituo cha 18 katika mfuatano. Hiyo 25 si kosa. Siku ya huduma haikatiki usiku wa manane. Basi lililoanza safari Ijumaa saa tano na nusu usiku linabaki la Ijumaa mpaka limalize, kwa hiyo 25:10 ni saa saba na dakika kumi usiku wa kuamkia Jumamosi. Mhandisi mgeni akiiona anaweza "kuisahihisha" iwe 01:10:00, na basi likaonekana limefika kituo cha 18 kabla ya cha 17. Hilo hukamatwa papo hapo na programu ya ukaguzi ya MobilityData, shirika lisilo la faida la Montreal linalosimamia muundo huu, kwa sababu muda umerudi nyuma.

Kosa gumu liko jirani yake. Safari nzima inayoanza saa sita na robo usiku wa Ijumaa ikiandikwa 00:15:00 badala ya 24:15:00, itajitokeza usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani saa 24 kabla ya wakati wake. Kila mstari ni halali na hakuna programu itakayolalamika. Atakayeligundua ni mchambuzi anayehesabu safari za kati ya saa sita na saa tisa usiku kwa kila siku ya wiki, kisha akauliza inakuwaje kuna mabasi mengi usiku wa kuamkia Ijumaa kuliko wa kuamkia Jumamosi.

Vituo navyo vina maradhi yake. Dar es Salaam iko karibu na latitudo -6.8 na longitudo 39.2. Zikibadilishana nafasi, kituo kinahamia magharibi mwa Hispania, na hilo mtu yeyote ataliona. Alama ya kutoa ikidondoka, kituo kinaenda kusini mwa Ethiopia. Hilo pia litakamatwa na kipimo cha mipaka ya nchi. Kwa Nairobi mambo ni magumu zaidi: -1.29 ikipoteza alama yake, kituo kinaangukia Samburu, si mbali na Maralal, ambako bado ni Kenya. Kipimo cha "kiwe ndani ya nchi" kitakipitisha bila tabu. Ndiyo sababu mpaka wa ukaguzi huchorwa kuzunguka eneo la huduma la kila mwendeshaji.

Idadi ya tarakimu baada ya nukta nayo ina uzito wake. Tarakimu tatu hukupa usahihi wa takriban mita 110, nne mita 11, tano mita moja hivi. Kwenye barabara pana kama Morogoro au Thika, kituo kilichoandikwa kwa tarakimu tatu kinaweza kuangukia upande wa pili, na programu itamwelekeza abiria avuke njia nane kumbe gari lake linasimama pale pale alipo. Ukaguzi wa kompyuta hutoa onyo kituo kikiwa zaidi ya mita 100 kutoka kwenye mchoro wa njia. Upande usio sahihi wa barabara huwa ni mita 30 tu. Kanuni inayosaidia hapa ni kuangalia kituo kiko kushoto au kulia kwa mwelekeo wa gari. Tanzania na Kenya, ambako magari hupita kushoto, kituo kilicho kulia kwa mchoro kinastahili kutazamwa na mtu, isipokuwa vituo vya mwendokasi vilivyo katikati ya barabara.

Basi hewa

Lalamiko linalojirudia kuliko yote ni la basi linaloonekana kwenye skrini, dakika nne, dakika mbili, "linafika", kisha linapotea bila kupita. Chanzo chake si kimoja, na kosa la kwanza la timu changa ni kuyatibu yote kwa dawa moja.

Data za muda halisi huja kwa aina tatu: masasisho ya safari, mahali gari lilipo, na tahadhari kwa abiria. Miongozo ya GTFS ya muda halisi inataka mlisho, yaani mkondo wa data unaotumwa mfululizo, uburudishwe angalau kila sekunde 30, taarifa za safari na za gari zisizidi umri wa sekunde 90, na tahadhari zisizidi dakika 10. Mlisho huo hauelezi ratiba upya. Unataja tu namba ya safari, mfano T1042, na programu inaitafuta kwenye ratiba. Namba zisipofanana, gari halina pa kukaa.

Chanzo cha kwanza ni hicho. Mamlaka inatoa ratiba mpya Ijumaa jioni yenye namba mpya za safari, huku seva ya muda halisi ikiendelea na za zamani. Kiwango cha ulinganifu, yaani sehemu ya namba za mlisho zinazopatikana kwenye ratiba, kilichokuwa asilimia 95 kinashuka karibu na sifuri kwa dakika chache, na programu inaanza kuonyesha muda wa ratiba kana kwamba ni habari ya gari lenyewe. Kosa la mamlaka ni la namba. Kosa letu, wenye programu, ni kuonyesha muda wa ratiba na habari ya gari kwa sura moja. Abiria ana haki ya kujua kama hiyo "dakika nne" imepimwa au ni ahadi ya karatasi.

Chanzo cha pili ni safari iliyofutwa kimya kimya. Dereva hakuja kazini au gari bovu, na hakuna aliyeingiza ufutaji kwenye mfumo. Hapa mlisho hausemi chochote, na ukimya una maana mbili: hatuna habari, au hakuna gari. Njia ya kuzitenganisha ni kutazama jirani zake. Ikiwa safari nyingine za ruti ile ile zinaripoti vizuri na hii peke yake iko kimya dakika kumi baada ya muda wake wa kuondoka, uwezekano mkubwa haipo, na ni heri kuishusha hadhi kuliko kuendelea kuitangaza.

Cha tatu ni gari lililoganda. Kifaa kimepoteza mawimbi ya setilaiti lakini seva inaendelea kugonga muhuri wa muda mpya juu ya mahali pa zamani. Ukikagua umri wa data, kila kitu kinaonekana kipya. Kipimo cha kweli ni umbali: gari lisilosogea mita 50 kwa dakika kumi, halipo kwenye stendi ya mwisho, na magari mengine kwenye barabara hiyo hiyo yanasonga, hilo si foleni.

Kuna pia gari linalosubiri stendi ya mwanzo likionyesha "dakika 2" kwa robo saa nzima, na dereva aliyeingia kwenye mfumo kwa ruti ya jana. Uchunguzi wenyewe hufuata mpangilio usiobadilika: tazama muhuri wa muda wa mlisho mzima, kisha wa gari moja moja, linganisha idadi ya magari na saa kama hiyo wiki iliyopita, pima ulinganifu wa namba, halafu fuata gari moja kwa dakika kumi ukiwa na ramani mbele yako. Mtu akiruka hatua hizo na kukimbilia kumwandikia mwendeshaji, mara nyingi atajibiwa kwamba tatizo liko kwetu, na mara nyingi jibu hilo litakuwa sahihi.

Haya yote hayawezekani bila kumbukumbu. Mlisho wa muda halisi haurudi nyuma. Ulichokisema saa moja asubuhi hukipati saa nne. Hifadhi kila toleo ghafi kwa angalau siku 14, na kila abiria anapobonyeza "basi halikuja", programu itume kituo, ruti, muda, na hasa kile alichokuwa anakiona kwenye skrini wakati ule. Lalamiko lisilo na picha hiyo haliwezi kuchunguzwa.

Pale ambapo hakuna ratiba

Katika miji yetu sehemu kubwa ya abiria hawapandi magari yenye ratiba. Nairobi ilikuwa mfano wa mapema: mradi wa Digital Matatus, uliowakutanisha Chuo Kikuu cha Nairobi, MIT, Columbia na Groupshot, ulipanda matatu na kurekodi njia kwa simu, ukachora zaidi ya ruti 130, ukatoa ramani mwaka 2014, na mwaka uliofuata data hizo zikaingia Google Maps. Ilithibitika kwamba GTFS inaweza kubeba usafiri usio na saa maalumu.

Kinachobadilika ni faili la frequencies.txt. Badala ya kusema gari linaondoka 07:12, unasema kati ya saa fulani na fulani kuna gari kila sekunde kadhaa, na unaweka alama kwamba muda huo si kamili. Gari linalosubiri kujaa ndipo liondoke haliwezi kuandikiwa dakika. Andika "kila dakika 5 hadi 15" na abiria atakuelewa, maana ndivyo anavyoishi.

Uangalifu unahitajika kwenye hesabu. Ukisimama stendi saa nzima ukahesabu magari 12, wastani ni moja kila dakika 5, na abiria anayefika wakati wowote angesubiri dakika mbili na nusu kama yangepishana sawasawa. Lakini yakija mawili mawili kila dakika 10, bado ni 12 kwa saa, na wastani wa kusubiri unakuwa dakika 5. Kwa hiyo mhesabuji aandike muda wa kila gari. Jumla peke yake inaficha kile hasa abiria anachotaka kujua.

Halafu kuna saa. Mkusanyaji anamuuliza konda gari la kwanza linatoka saa ngapi, anajibiwa "kumi na moja alfajiri", anaandika 11:00. Ruti nzima inachelewa kwa muda wa saa sita. Gari la mwisho la "saa nne usiku" linaandikwa 04:00, na likipita kwa mtu anayejua kwamba gari la mwisho haliwezi kuwa alfajiri, analigeuza kuwa 16:00, kosa juu ya kosa. Fomu nzuri haimruhusu mkusanyaji kuandika tarakimu: anachagua saa kama ilivyotamkwa, anachagua alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, na kompyuta inageuza. Kwa data za zamani, orodhesha kutoka kwenye hifadhidata kila ruti inayoanza baada ya 09:00 au kuisha kabla ya 19:00, ujaribu kuisogeza kwa saa sita. Nyingi zitakaa sawa zenyewe.

Majina ya vituo ni kazi ya kudumu. Kwa Aziz Ali, Kwa Azizi Ally na Aziz Ally ni mahali pamoja. Msikitini, Shuleni, Sokoni na Njia Panda ni mahali makumi. Usimlazimishe mtu kuchagua jina moja sahihi. Weka jina la kuonyesha, kisha orodha ya majina mengine yanayotafutwa, na kwa yale yanayojirudia ongeza mtaa: Msikitini, Tandika. Jina rasmi la ubao ambalo konda hajawahi kulitamka linafaa kuwa kwenye orodha ya pili.

Kuhusu njia yenyewe, leseni ya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa nchi kavu Tanzania, inaeleza ruti inaanzia na kuishia wapi, lakini kukatisha ruti ni jambo la kila jioni Dar es Salaam, na foleni ikizidi dereva hupita njia za panya. Kama magari manne kati ya kumi yanageuzia kituo cha kati, hiyo ni huduma ya pili na iandikwe kama safari fupi yenye muda wake kati ya gari na gari. Gari moja lililochepuka siku ya mvua si data. Panda angalau mara tatu kila upande, asubuhi, mchana na jioni, kabla ya kuamua kipi ni mazoea na kipi ni bahati.

Data za aina hii huchakaa haraka. Mwendokasi ulipoanza 2016, ramani ya daladala za Barabara ya Morogoro haikubaki ilivyokuwa. Mabasi ya mikoani yalipohama Ubungo kwenda Mbezi Louis mwaka 2021, ruti za mjini nazo zikafuata abiria. Bajeti inayolipia ukusanyaji wa kwanza tu, bila ziara za marudio, itaacha ramani nzuri ya mji wa zamani.

Nini kipimwe

Dashibodi nyingi huonyesha asilimia ya mistari isiyo na kosa. Ni namba ya kufurahisha wakubwa. Kiongozi makini hupima upande wa anayesubiri: kati ya mara zote tulizosema gari linakuja ndani ya dakika 10, ni mara ngapi lilikuja, na lilikosea kwa dakika ngapi?

Makosa hayalingani. Gari likichelewa dakika mbili kuliko tulivyosema, abiria anasubiri. Likiwahi dakika mbili, amelikosa. Kwa hiyo mipaka isiwe sawa pande zote: kwa utabiri wa dakika tano mbele, ruhusu kwa mfano kuchelewa dakika mbili lakini kuwahi sekunde 30 tu. Kujua gari lilipita lini nako kuna mtego. Likituma mahali lilipo kila sekunde 30 na likienda kilomita 40 kwa saa, linaruka zaidi ya mita 330 kati ya ujumbe na ujumbe. Ukingoja lionekane ndani ya duara la mita 30 la kituo, vituo vingi vitahesabiwa havikufikiwa. Kadiria muda kati ya nukta mbili kwa kufuata mchoro wa njia.

Uzito wa kosa nao upimwe kwa idadi ya abiria, si kwa ruti. Kisha juu ya hapo weka makosa machache yasiyovumiliwa hata kama yanamgusa mtu mmoja: gari la mwisho la usiku lililoandikwa vibaya, kituo kilichofungwa kinachoonyeshwa wazi, na alama ya kiti cha magurudumu. Kwenye GTFS alama hiyo ina thamani tatu: 0 hakuna habari, 1 inawezekana, 2 haiwezekani. Wapo waendeshaji wanaojaza 1 kila mahali ili faili lionekane kamili, na zipo programu zinazoonyesha 0 kama "haiwezekani". Yote mawili ni uongo, na la kwanza linaweza kumwacha mtu chini ya ngazi.

Kiraka na chanzo

Kosa likipatikana kuna njia mbili: kuweka kiraka ndani ya mfumo wetu, au kumfanya mwenye data alisahihishe. Kiraka ni cha saa moja, chanzo ni cha wiki sita, na timu inayopenda sifa za haraka itazama kwenye viraka vyake yenyewe. Kila kiraka kiwe na sababu, mwenye nacho na tarehe ya kufa, tuseme siku 30. Kisifungwe kwenye namba ya kituo peke yake, kwa kuwa kuna mamlaka zinazotoa namba mpya kila zinapochapisha, na marekebisho ya kituo cha sokoni yakajikuta yamevishwa hospitali. Kifungwe kwenye jina na mahali, na kijiondoe chenyewe chanzo kikishasahihishwa.

Lango la kuingiza ratiba mpya liwe na meno. Makosa ya muundo yazuie toleo. Mengine yatoe onyo. Linganisha toleo jipya na lililopita: vituo vikipungua kwa zaidi ya asilimia 10, au safari za Jumatatu ijayo zikishuka kwa asilimia 20, toleo lisimame hadi mtu alitazame. Kalenda ya sikukuu iwe ndani ya lango hilo, la sivyo kila Krismasi ni kengele. Idi ina shida ya ziada: mwezi ukiandama, kesho ni sikukuu, na habari inathibitishwa usiku. Kwa hiyo badiliko la calendar_dates.txt, faili la siku zisizo za kawaida, liweze kufika kwa abiria ndani ya saa moja bila kungoja toleo la programu, na awepo mtu wa zamu mwenye mamlaka ya kulibonyeza.

Watu wanane wanatosha kwa miji kadhaa: wachambuzi wawili watatu, wahandisi wawili, na waliobaki wawe watu wanaopanda magari ya miji hiyo. Kiongozi akikosa mamlaka ya kuzuia toleo, cheo chake ni cha mapambo.

Na barua kwa mwendeshaji iwe fupi. Ripoti ya ukaguzi yenye kurasa arobaini haisomwi na mtu. Tatizo moja, faili gani, mstari wa ngapi, kilichoandikwa, kinachotakiwa kuandikwa, na picha ya anachokiona abiria. Iende kwa yule anayetoa faili kwenye mfumo wao, na nakala kwa bosi wake pale tu jibu linapochelewa wiki mbili. Itumwe Jumanne au Jumatano. Ya Ijumaa mchana itakuta ratiba ya Jumatatu imeshatoka.